Siku 5 Norwei na mama: ingieni Oslo, tokeeni Bergen, na usiku mmoja mlale Flåm

Swali kwa ufupi: msomaji wetu ni mzaliwa wa Mombasa, anaishi Leicester na ana pasipoti ya Uingereza. Mamake, mwenye miaka 68 na pasipoti ya Kenya, atakuja kumtembelea Juni na Julai. Wana siku 5 mwishoni mwa Juni na wanataka kuona Oslo, Bergen, fyodi (ghuba nyembamba za bahari zilizoingia kati ya milima), visiwa vya Lofoten na zile taa za kijani zinazocheza angani usiku. Anauliza kama wakodi gari, na kama safari itamfaa mama mwenye magoti yanayosumbua, asiyekula kisicho halali na asiyeacha swala.

Dada, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Pili, niruhusu niipunguze orodha yako kabla hujalipia chochote.

Taa za kijani zitoe kabisa. Juni hakuna giza la kuzionea. Tromsø, ambako wengi huzifuata, jua halizami tangu takriban tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai, na hata kusini mwa Norwei usiku wa Juni hauwi mweusi. Msimu wake ni Septemba hadi Machi. Anayewauzia ziara ya taa hizo mwezi wa Juni anawauzia hewa.

Lofoten nako ni kuzuri, sibishi, lakini hakuingii katika siku 5 pamoja na vingine. Norwei ni nyembamba na ndefu: bara peke yake, kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini, ni kama kilomita 1,750. Lofoten iko juu ya Duara la Aktiki. Kufika huko mpande ndege hadi Bodø, kisha kivuko cha saa 3 na ushei hadi Moskenes, halafu mrudi vivyo hivyo. Siku 2 zimekwenda na mama hajaketi. Kuacheni kuwe safari yake yenyewe.

Kinachobaki kinatosha na kuzidi: mstari mmoja, Oslo mpaka Bergen, kwa treni, boti, basi na treni tena. Reli hiyo ni ya karibu kilomita 500. Ni kama kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa SGR na kuongeza kidogo, ila hii huchukua kama saa 7 kwa sababu inapanda mlima na kuushuka. Kateni tiketi ya ndege ya kuingia Oslo na kutokea Bergen. London ina ndege za moja kwa moja kwenda miji yote miwili. Wengi hukata ya kwenda na kurudi Oslo kwa kuona imepungua pauni kadhaa, halafu siku ya mwisho nzima inaishia kwenye kiti cha treni wakirudi walikotoka.

Kabla ya ndege kuna viza, na hapa ndipo safari nyingi za familia zinapokwama. Wewe na pasipoti yako ya Uingereza huhitaji. Mama anahitaji ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza yake ya Uingereza haimfikishi Norwei, na Norwei, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya, imo ndani ya Schengen. Usije ukasema "akishafika Leicester tutamwombea huku." Kanuni ni kwamba mtu huomba kule anakoishi kihalali. Mgeni wa matembezi akienda kuomba Uingereza anaweza kuambiwa arudi kwao, mpaka awe na sababu nzito ya kwa nini hakuomba nyumbani. Kwa hiyo mama aombe Kenya, kabla ya kupanda ndege.

Mpangilio nao una maana. Pasipoti ni moja na haiwezi kulala katika ofisi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo aanze na viza ya Uingereza, akiipata ndipo apeleke ya Schengen. Inamfaa pia kwa njia nyingine: maafisa wa Norwei wataona ana pa kurudi baada ya siku zenu 5. Hakikisheni ile ya Uingereza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla yake, lakini hizo siku 15 msizitegemee, kwa sababu kupata miadi peke yake kunaweza kula wiki. Anzeni mara tu inaporuhusiwa: ile ya Uingereza huombwa kuanzia miezi 3 kabla ya kusafiri, si mapema zaidi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000, na pasipoti ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Kwa kuwa wewe ndiye mlipaji, weka barua yako, taarifa zako za benki na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba huyo ni mama yako. Mahali pa kuwasilisha patafuteni katika tovuti ya UDI, idara ya uhamiaji ya Norwei, wala si kwa wakala wa mtaani.

Sasa gari. Usikodi. Leicester unaendesha kushoto, kule ni kulia, na mama atakuwa kando akishika mlango kila kona. Kuacha gari Bergen ulilolichukua Oslo kunatozwa ziada nono. Hayo bado yangevumilika. Kubwa ni kwamba barabara zao zinapita ndani ya milima. Kutoka Flåm, kijiji mtakacholala, hadi Gudvangen, mtakakoshukia boti, kwa barabara ya E16 ni mwendo wa kama dakika 20, na karibu wote ni handaki: moja la kilomita 5, jingine la zaidi ya kilomita 11. Upande wa pili wa mwamba ndiko iliko fyodi mliyoijia kutoka Uingereza. Mwenye gari anaipita bila kuiona. Mwenye tiketi ya boti anaizunguka kwa saa 2.

Basi siku zenyewe ningezipanga hivi.

Siku ya kwanza mnafika Oslo, uwanja wa Gardermoen. Watu watawaelekeza kwenye treni ya haraka ya Flytoget, inayofika mjini kwa kama dakika 20. Treni ya kawaida ya Vy huchukua dakika chache zaidi, inatoka stesheni ile ile na bei yake ni nafuu zaidi. Chukueni hiyo. Laleni karibu na stesheni kuu, maana mtaa wa Grønland uko hapo nyuma kwa mwendo wa miguu, na Grønland ndiko mama atakakokula bila kuuliza maswali: mikahawa ya Wapakistani, Wasomali na Waturuki, na maduka ya nyama. Neno moja tu, kwa sababu wapo wanaolijali: sheria ya Norwei inataka mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa. Kama mama hakubali hilo, waulizeni wenye duka kama nyama imetoka nje, au mle samaki. Samaki hana mjadala, na Norwei ndio nchi yake.

Siku ya pili ni ya Oslo, na isiwe na pilikapilika. Asubuhi nendeni kwa tramu namba 12 hadi bustani ya Vigeland, yenye sanamu zaidi ya 200, zote kazi ya mchongaji mmoja, Gustav Vigeland. Hakuna kiingilio wala geti la kufungwa. Nikuonye mapema kwamba karibu sanamu zote ni za watu walio uchi. Wapo akina mama waliocheka mpaka wakakaa chini, na wapo waliogeuza uso. Wewe ndiye unayemjua wako. Mchana chukueni boti ya kwenda visiwani kutoka gati lililo mbele ya ukumbi wa jiji. Tiketi ya kawaida ya basi na tramu ndiyo hiyo hiyo, hamlipi tena, na mwenye miaka 67 na kuendelea ana nauli ya punguzo. Kisiwa cha Hovedøya ni karibu, kina magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1147, na vijia vyake ni vya kutembea taratibu. Jioni pitieni jumba la opera la mwaka 2008. Paa lake la marumaru limeinama hadi chini, watu hupanda kwa miguu. Magoti ya mama yataliweza likiwa kavu. Likilowa linateleza, mwacheni akae chini aangalie bahari.

Siku ya tatu ndiyo safari yenyewe. Pandeni treni ya asubuhi ya kwenda Bergen, lakini nyinyi mtashukia Myrdal, baada ya kama saa 4 na nusu hadi 5. Mkiweza kuchagua viti, shikeni upande wa kushoto. Saa mbili za mwanzo ni misitu na maziwa, kuzuri kwa kuzungumza. Baada ya stesheni ya Geilo miti inaanza kuwa mifupi, kisha haipo kabisa, na mnaingia kwenye uwanda wa juu wa mawe na maji. Finse, stesheni ya juu kabisa katika reli hiyo, iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa Juni theluji bado imelala pembeni na mara nyingi mapande ya barafu yanaelea ziwani. Mwambie mama atoe koti mapema. Treni ikisimama kidogo wengine hushuka wakaigusa theluji, na kengele haimngojei mtu. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1909, na njia waliyotumia vibarua wake kubebea vifaa bado iko kando yake. Theluji ikishaondoka, waendesha baiskeli huhangaika nayo.

Myrdal ni stesheni tu, mji hakuna. Mnavuka jukwaa na kupanda treni nyingine, ya Flåm. Hii ndiyo inayonifanya niwakatalie watu wanaotaka kuruka kipande hiki kwa sababu ya bei. Ni kilomita 20, na ndani ya saa moja hivi inawashusha kutoka mita 867 hadi mita 2 juu ya bahari. Sehemu kubwa ya njia inashuka mita 1 kwa kila mita 18, kwa treni ya kawaida ya magurudumu na breki, bila kamba wala meno. Mahandaki ni 20, na 18 kati yake yalichongwa kwa mikono. Kazi ilianza miaka ya 1920, treni ikaanza kupita mwaka 1940. Kuna mahali njia inajikunja ndani ya mlima, ukichungulia dirishani unaiona reli mliyotoka ikiwa juu yenu.

Kwenye maporomoko ya Kjosfossen treni husimama dakika kama 5 na milango hufunguliwa. Maji yanaporomoka mita chache kutoka mnapokanyaga, na Juni ndipo yanapokuwa mengi kwa sababu theluji ya juu inayeyuka. Jukwaa huwa limelowa, mama ashike kizuizi. Halafu muziki utasikika na mwanamke mwenye nguo nyekundu atatokea kwenye mwamba, anacheza. Ni mwigizaji, anaigiza huldra, jini la kike la hadithi zao linalowavuta wanaume mlimani. Mwambie mama mapema, asije akaanza kusoma Ayatul Kursiyu mbele ya watalii.

Flåm ni kijiji cha watu mia chache kwenye ncha ya fyodi ya Aurland. Mchana, meli za utalii zikiwa zimetia nanga, mtajuta. Foleni ya kahawa inafika mlangoni. Ndiyo maana nasema mlale. Kuna vifurushi vinavyowatoa Oslo asubuhi na kuwafikisha Bergen usiku siku ile ile, treni, boti na basi vyote ndani. Kijana ataumudu mwendo huo. Mama ataona kila kitu akiwa amechoka, na saa nzuri kuliko zote hataziona: zile za jioni, meli zimeondoka, wageni wa siku wamepanda treni, na mwanga bado upo mpaka mkaenda kulala. Hoteli ni chache na hujaa miezi kabla. Mkikosa, tafuteni Aurland, kilomita chache tu kwa basi.

Asubuhi ya siku ya nne pandeni basi la kwenda Stegastein. Ni jukwaa la mbao na chuma lililochomoza mita 30 kutoka mlimani, mita 650 juu ya fyodi, na mwisho wake ni kioo. Kwenda na kurudi ni kama saa moja na nusu, na kutembea ni hatua chache. Marafiki watakutumia picha za miamba ya Preikestolen na Trolltunga na kukuuliza mbona hamwendi. Preikestolen ni kupanda kwa saa 4 kwenda na kurudi, Trolltunga ni siku nzima ya mawe. Kwa magoti ya mama, Stegastein inatosha.

Mkirudi, gati liko kando ya stesheni, hamtembei. Kuna boti ya umeme mtupu iliyoanza kazi mwaka 2018, Future of the Fjords, isiyonguruma wala kutoa moshi. Chagueni saa ambayo ndiyo inayoondoka. Njia ya kwenda juu ya sitaha zake ni mteremko wa zigizaga badala ya ngazi kali, na kwa mama hilo ni jambo kubwa. Upepo unapiga. Baibui peke yake litamwendesha mbio, avae koti la mvua juu yake na kilemba kibanwe vizuri. Mtapita Undredal, kijiji cha watu wapatao 100 wanaotengeneza jibini ya maziwa ya mbuzi, wenye kanisa la mbao linaloingiza watu 40. Kisha boti inakata kona na kuingia Nærøyfjord, ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2005 pamoja na Geirangerfjord. Mahali pembamba kabisa ni mita 250 kutoka ukuta hadi ukuta, na milima ya pande zote inapita mita 1,000.

Mama akiuliza kulikoni bahari ikaingia huku ndani, mwambie ni kazi ya barafu. Mito ya barafu minene ilikuwa ikisaga mabonde haya kuelekea baharini, zama baada ya zama, mpaka ikachimba chini kuliko usawa wa bahari. Barafu ilipoyeyuka maji ya chumvi yakafuata. Ndiyo maana Sognefjord, fyodi mama ya hizi mlizomo, ina kina cha mita 1,308 huko ndani, lakini mdomoni kwake, ambako barafu ilikuwa imeshapungua nguvu, kina ni kidogo mno.

Gudvangen mnashuka na kupanda basi hadi Voss, saa moja na kitu, kisha treni ya Bergen, saa moja na robo hivi. Mtafika jioni, na itaonekana kama alasiri.

Kuhusu swala, mimi si sheikh, lakini Leicester yenyewe mnaijua shida ya Juni. Bergen jua linazama karibu saa tano na robo usiku na kuchomoza saa kumi na dakika chache alfajiri, na katikati hakuna giza kamili la kupimia Isha. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha. Muulizeni imamu wenu kabla ya kuondoka ni hesabu gani mfuate, ili mama asihangaike nalo hotelini. Kibla ni kusini mashariki. Pazia za hoteli si nzito kila mahali, mbebee kitambaa cha kufunika macho.

Pesa ni kali, na hakuna hila ya kuikwepa kabisa. Pauni 1 imekuwa ikicheza karibu na krona 13, na sahani moja mgahawani hupita krona 200 bila kujikaza. Hoteli nyingi hutoa kifungua kinywa ndani ya bei, kuleni cha kushiba. Mchana nunueni mkate, mayai na samaki wa moshi kwenye maduka ya Kiwi au Rema 1000 mle njiani kama wenyeji wafanyavyo, ila Jumapili maduka mengi hufungwa, nunueni Jumamosi. Maji ya bomba ni ya kunywa, msinunue chupa. Msibadilishe fedha taslimu, kadi inapita hata chooni. Tiketi za treni hufunguliwa karibu miezi 3 kabla na za mwanzo ndizo rahisi. Angalieni pia Entur, programu ya simu ya ratiba za usafiri, kwa sababu kiangazi ndipo wanapotengeneza reli na wakati mwingine kipande cha njia huwekewa mabasi. Na adapta za umeme: plagi za Uingereza na Kenya hazichomeki kule.

Siku ya tano ni Bergen. Huko mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo mkipata jua asubuhi, msile kwanza: nendeni moja kwa moja kwenye Fløibanen, treni ya kamba inayopanda hadi mita 320 kwa dakika chache. Juu ni tambarare, kuna viti, na mji wote na bandari viko chini yenu. Kisha Bryggen, ile safu ya nyumba za mbao gatini ambako wafanyabiashara wa Kijerumani walihodhi biashara ya samaki wakavu tangu karne ya 14. Moto wa mwaka 1702 uliziteketeza, wakazijenga upya kwa ramani ile ile. Pitieni vichochoroni nyuma, msikae mbele tu: mbao zimepinda, kuta zimeegemeana, na sakafu inalia mkikanyaga. Soko la samaki ni la kutazama. Bei zake ni za watalii, na supu ya samaki mtaipata nafuu hatua chache ndani ya mji. Uwanja wa ndege mnaenda kwa tramu ya Bybanen kutoka katikati ya mji, dakika kama 45, tiketi mnakata kabla ya kupanda. Mkiwa na ndege ya jioni, acheni masanduku hotelini na muondoke mjini saa 3 kabla ya ndege kuruka, kwa kuwa kuna foleni ya pasipoti.